CT ya kuhesabu fotoni kwenye mifupa na maungio: hatua kwa hatua, tukianza na kifundo cha mkono

Habari zenu watu wa mionzi. Watu niliosoma nao nyumbani wananiuliza sana kuhusu hii CT (mashine ya eksrei inayozunguka mwili na kutoa picha za slesi) ya kuhesabu fotoni, yaani chembe mojamoja za eksrei, na wengine wako Muscat na Doha kwenye mahospitali makubwa wanataka kujua siku ukikabidhiwa hiyo mashine asubuhi unaanzia wapi. Mimi niko Ujerumani, naitumia karibu kila siku, na kazi yangu kubwa ni mifupa, yaani vifundo, viwiko, magoti, nyonga zilizowekewa vyuma. Nimeona niandike yote sehemu moja ili nisiwe najibu kwa voisi noti za dakika kumi kumi.

Kitu kimoja nikiseme mapema kabisa. Mashine hii inakata slesi za milimita 0.2. Mkono ukitikisika nusu milimita tu wakati wa kuskani, hiyo faida yote imeondoka na unabaki na picha ambayo CT ya zamani ingekupa, tena pengine mbaya zaidi manake sasa kila mtikisiko unaonekana. Kwahiyo utaona huko chini nimekaa sana kwenye kumlaza mgonjwa na nimepita haraka kwenye mambo ya kompyuta. Ni makusudi.

Kwanza, inahesabu nini?

CT tulizozizoea ditekta yake, yaani kile kifaa kinachopokea eksrei zilizopita kwa mgonjwa, inafanya kazi kwa njia ya mzunguko. Eksrei inagonga tabaka maalum, tabaka linatoa mwanga, mwanga unaingia kwenye kifaa kingine kinachougeuza kuwa umeme, na umeme wote uliopatikana kwa muda huo unajumlishwa. Ni sawa na mtu anayepima gunia la machungwa kwenye mzani, anajua ni kilo ngapi ila hajui ni machungwa mangapi, wala yapi makubwa yapi madogo. Na mzani wenyewe una uzito wake kidogo unaoingia kwenye hesabu, hiyo ndio chenga (punjepunje kwenye picha) tunayoiona ukipiga kwa dozi ndogo au kwa mtu mnene. Alafu kati ya kijichumba kimoja cha ditekta na kingine lazima kuwe na ukuta ili mwanga usivuke kwa jirani, na ule ukuta haupokei kitu, sasa ukisema uvifanye vyumba viwe vidogo sana ditekta nzima inakuwa kuta tupu na dozi ya mgonjwa inapotea bure.

Hii mpya haina habari ya mwanga. Kuna kristali ya kadimiamu teluraidi imewekewa umeme mkali kutoka upande mmoja hadi mwingine, fotoni ikiingia inazaa wingu dogo la chaji palepale, wingu linavutwa moja kwa moja mpaka kwenye pikseli iliyo chini yake na unatokea mpigo mmoja wa umeme. Fotoni moja, mpigo mmoja. Mpigo ukiwa mrefu ujue fotoni ilikuwa na nishati kubwa, ukiwa mfupi ilikuwa ndogo, na ukiwa mfupi kupita kiwango kilichowekwa hauhesabiwi kabisa, hapo ndipo chenga za umeme zinapoachwa nje ya mlango. Yaani sasa unatoa chungwa mojamoja kwenye gunia, unahesabu, na huku unalipanga kwa ukubwa. Kuta hazihitajiki kwahiyo pikseli zinaweza kuwa ndogo sana bila kupoteza dozi. Na kwa sisi watu wa mifupa kuna zawadi nyingine, fotoni zenye nishati ndogo ndizo zinazotofautisha vizuri mfupa na nyama, kwenye ditekta ya zamani zilikuwa zinamezwa na zile kubwa, hapa kila moja inahesabiwa sawa na mwenzake.

Mimi napenda kukumbuka tulikotoka. Röntgen aligundua eksrei pale Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, na picha yake maarufu kuliko zote ni mkono wa mke wake na pete kidoleni. Mgonjwa wa kwanza wa CT alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, picha ilikuwa na pikseli 80 kwa 80. Mwaka 2018 watu wa kampuni ya MARS kule Nyuzilandi, wakitumia chipu ya Medipix3 iliyotokana na kazi za CERN, kituo cha utafiti wa fizikia ya chembe, walitoa picha za rangi za binadamu kwa njia hii ya kuhesabu fotoni, na walichokipiga ni kifundo cha mkono na kifundo cha mguu. Alafu mwisho wa Septemba 2021 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ikairuhusu NAEOTOM Alpha ya Siemens Healthineers, CT ya kwanza ya mwili mzima ya aina hii kuingia kwenye kazi ya kawaida ya hospitali. Na hospitali ya chuo kikuu cha Würzburg, mji uleule wa Röntgen, ni moja ya sehemu zilizofanya utafiti mwingi wa mashine hii kwenye viwiko na vifundo vya mikono. Mkono tu, tangu siku ya kwanza.

Namba nitakazotaja kuhusu ditekta ni za hiyo NAEOTOM Alpha kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu.

Hatua ya 1: tafuta swali kabla hujagusa kitufe

Ombi likija limeandikwa "CT kifundo cha mkono, maumivu", usianze. Piga simu kwa daktari wa mifupa umuulize anatafuta nini. Ufa mpya? Mfupa uliovunjika miezi mitatu iliyopita anataka kujua kama umeunga? Skrubu imelegea? Gauti (jongo)? Baridi yabisi imeshaanza kula kingo za mifupa? Kila swali lina mpangilio wake, na ukishamaliza kuskani kuna vitu huwezi kuvirudisha.

Na kama swali ni ligamenti iliyochanika au gegedu, sema tu kwa heshima kwamba MRI itamfaa zaidi mgonjwa, isipokuwa wamepanga kumchoma dawa ya kontrasti ndani ya jointi kwanza, hapo CT hii inaonyesha gegedu vizuri sana manake dawa inapita juu yake ikawa kama rangi. Sisemi mashine hii haiwezi mambo mengine. Nasema usimpe mtu mionzi kwa swali ambalo mionzi hailijibu.

Hatua ya 2: ongea na mgonjwa, vua vitu

Saa, pete, bangili, shanga, vyote vitoke. Hina haina shida, ipake mpaka kiwikoni picha haitajua. Hirizi ikiwepo mkononi uliza kwa upole na umwachie mwenyewe aivue na aishike mkono mwingine, usiishike wewe, na kama hataki kuivua angalia iko wapi, ikiwa juu ya kiwiko na wewe unapiga kifundo basi mwache. Mwanamke wa umri wa kuzaa muulize kuhusu ujauzito akiwa peke yake, sio mbele ya mama mkwe aliyemsindikiza.

P.O.P (plasta ya kufungia mfupa) haikuzuii, hogo likae hapo hapo kama daktari hajasema litoke, mfupa utaonekana tu.

Muulize pia bega. Hili wengi wanalisahau, mimi mwenyewe nililisahau, nitawaambia sasa hivi.

Hatua ya 3: kumlaza (hapa ndipo picha inapopatikana)

Mkao unaotakiwa kwa kifundo cha mkono tunauita wa Supamani, mgonjwa analala kifudifudi, mkono unaoumwa unanyooshwa mbele juu ya kichwa, kiganja kinatazama chini, kichwa kimegeuzwa upande wa pili. Sababu ni mbili. Mkono ukiwa peke yake ndani ya gantri (ule mduara wa mashine) hakuna kifua wala tumbo la kunyonya fotoni, kwahiyo chenga zinapungua na dozi inakuwa ndogo. Na mwili uliobaki, macho, kifua, nyonga, vyote viko mbali na mionzi. Ukiuweka mkono juu ya tumbo eti kwa sababu mgonjwa anastarehe, unapiga tumbo pia, na tumbo linapumua na mkono unapanda na kushuka nalo.

Shida ya Supamani ni kwamba ni mkao wa mateso. Kijana mzima anaweza kukaa dakika tatu, mtu mzima wa miaka sabini bega linaanza kuuma ndani ya nusu dakika, na bega likiuma misuli inatetemeka, mtetemo unashuka mpaka kidoleni.

Januari moja alikuja kijana wa Kenya, nesi, alikuwa ameteleza kwenye barafu nje ya nyumba anayoishi akaangukia kiganja. Eksrei mbili zilionekana safi. Lakini ukinyoosha kidole gumba kuelekea juu kuna kishimo kinatokea pale chini ya gumba upande wa kifundo, na nikibonyeza kwenye hicho kishimo taratibu kwa ncha ya kidole alikuwa anavuta pumzi kwa meno. Mfupa wa skafoidi uko palepale chini. Ni mfupa mdogo wenye umbo la korosho, na damu yake inaingilia upande wa mbele na kurudi nyuma, kwahiyo ukivunjika katikati kile kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa, mtu akabaki na kifundo kibovu maisha yake yote. Ndio maana ufa wa skafoidi hauruhusiwi kukupita.

Nikamlaza Supamani haraka haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Sikumuuliza bega. Kumbe alivyoanguka bega nalo lilivutika. Picha ilipotoka kingo za mifupa zote zilikuwa mbilimbili, kama mtu aliyechora kwa penseli akarudia pembeni kidogo, na kwenye skafoidi kulikuwa na mstari ambao ungeweza kuwa ufa na ungeweza kuwa mtikisiko. Hakuna daktari anayeweza kusoma kitu kama kile. Nikarudi ndani, nikamwambia pole sana, tunarudia, akaniambia, "Dada, mi si mkono, ni hili bega linanitetemesha." Mionzi ile ya kwanza ilikuwa ya bure na ilikuwa kosa langu.

Sasa nafanya hivi kila mara. Mgonjwa akishalala, sponji nene inaingia chini ya kwapa ili bega lisibebe uzito wa mkono. Sponji nyingine nyembamba chini ya mkono wa mbele, kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo, mkono ulale wote kama mtoto, usining'inie popote. Mfuko wa mchanga juu ya mkono wa mbele, sio juu ya kifundo chenyewe. Mkanda mpana juu ya vidole, umebana kiasi cha kumkumbusha asivichezeshe lakini sio kumuumiza, manake maumivu yenyewe yanaleta mtikisiko. Blanketi mgongoni, chumba cha CT kina baridi na mtu anayetetemeka kwa baridi hawezi kutulia hata akitaka. Kifundo, mkono wa mbele na kidole cha kati viwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Alafu namwambia avute hewa, aitoe yote, abaki hivyo hivyo mpaka nimwambie, na tunafanya mazoezi mara moja bila kuskani.

Angalia pia katikati. Kifundo kikae katikati kabisa ya gantri, juu-chini na kulia-kushoto, taa za leza zipite juu yake. Ukali wa picha ni mkubwa pale katikati na unapungua kadri unavyoenda pembeni, kwahiyo kifundo kilichokaa pembeni sentimita kumi hakitapata kile ulichokusudia hata uweke mipangilio mizuri vipi.

Asiyeweza kabisa kulala kifudifudi, mfano mama mjamzito au mzee mwenye mgongo, mlaze ubavu au mkalishe nyuma ya gantri mkono ukiingia ndani, kama hospitali yako inaruhusu na umemkinga. Tulia na utafute mkao anaouweza. Dakika tano za sponji ni nafuu kuliko kurudia.

Hatua ya 4: chagua modi

Kwa mifupa midogo chagua modi ya ukali wa juu kabisa, ile ya safu 120 za ditekta, kila moja milimita 0.2. Ile ya kawaida ni safu 144 za milimita 0.4, hiyo inatosha kwa nyonga na uti wa mgongo ukiwa unatafuta kitu kikubwa. CT za zamani zilizotaka ukali wa namna hii zilikuwa zinaweka kichujio chenye meno kama kitana mbele ya ditekta, mionzi inapita kwa mgonjwa alafu nyingine inazuiwa kabla ya kufika kwenye hesabu, yaani mgonjwa ameshaibeba na wewe umeitupa. Hapa hiyo imeisha.

Kilovolti 120 au 140 zote zinafaa mifupa, mgonjwa mwenye vyuma mpeleke 140. Kuna pia kichujio cha bati kinachokaa karibu na tyubu, kinaondoa zile fotoni dhaifu kupita kiasi ambazo zingeishia kwenye ngozi na nyama bila kufika ditekta, mimi nakitumia sana kwenye nyonga, bega na mwili mzima kwa watu wa mayeloma (saratani ya uboho) tunaotafuta matobo madogo kwenye mifupa. Kwenye kifundo cha mkono sio lazima.

Jambo la kuangalia kwa makini: kama utahitaji data za nishati, yaani ile habari ya kutenganisha gauti na kalsiamu au kuona uboho, hakikisha kabla ya kuskani kwamba protokali uliyochagua inazihifadhi, sio kila modi kwenye kila toleo la programu inakupa. Ukigundua baada ya mgonjwa kuondoka umeshachelewa.

Piga hesabu ya muda pia. Safu 120 za 0.2 ni milimita 24. Ukiwa na pichi ya 0.85, yaani kila mzunguko meza inasogea 0.85 ya upana huo, ni kama milimita 20 kwa kila mzunguko, kwahiyo sentimita 10 za kifundo ni mizunguko mitano hivi. Mzunguko mmoja ukichukua sekunde moja ni sekunde tano za kutulia, ukichukua nusu sekunde ni mbili na nusu. Mzunguko wa polepole unakusanya data nyingi zaidi na kwa mtu mtulivu picha inakuwa nzuri, ila mimi mtu nikimwona tu usoni kwamba anavumilia maumivu nachukua nusu sekunde bila kujiuliza.

Hatua ya 5: ramani, alafu kuskani

Picha ya ramani ipige, weka mipaka kuanzia sentimita tatu nne juu ya kifundo hadi katikati ya mifupa ya kiganja. Usichukue mkono mzima kwa sababu umeshalala hapo. Skani.

Na mgonjwa asishuke kwanza! Fungua picha moja ya haraka, tafuta ganda la nje la mfupa wa mkono wa mbele, liko kama mstari mweupe mkali. Likiwa mstari mmoja, sawa. Likiwa mbili, ametikisika, na ni bora ujue akiwa bado mezani.

Hatua ya 6: kutengeneza picha

Hapa watu wanapoteza ukali waliokwisha kuupata. Hesabu ni ndogo tu. Ukichukua uwanja (eneo linaloonyeshwa kwenye picha) wa sentimita 25 na matriksi (idadi ya pikseli kwa upande mmoja) ya 512, kila pikseli ni karibu milimita 0.49, yaani umenunua mashine ya 0.2 alafu unaitazama kupitia wavu wa 0.49. Bana uwanja uwe sentimita 10, matriksi 1024, pikseli inakuwa karibu milimita 0.1. Hapo ndio utaona zile nyuzi za ndani ya mfupa, vijiti vyembamba vinavyopishana kama wavu wa dema, na ufa ukipita unaziona zimekatika moja baada ya nyingine.

Slesi 0.2, ukizipandisha kidogo moja juu ya nyingine ni nzuri zaidi kwa kukata pande nyingine.

Kerneli, yaani kichujio cha kompyuta kinachoamua picha iwe kali au laini, chukua kali kwa mfupa, lakini usiende moja kwa moja kwenye ile kali kuliko zote. Kadri kerneli inavyokuwa kali ndivyo chenga zinavyopanda, na kwa mgonjwa mnene au kwenye nyonga unaweza kupata picha yenye ukali ambao hakuna anayeuona kwa sababu umefunikwa. Jaribu mbili, muite daktari bingwa wa picha akae pembeni yako achague, mkubaliane, muiandike kwenye protokali. Tengeneza pia seti moja laini ya nyama. Kano nazo zinaumia.

Alafu kata kwa pande. Kwa skafoidi usitumie pande za kawaida peke yake, mfupa ule umelala kwa mshazari, kata kwa kufuata urefu wake kutoka kichwa hadi mkia, hapo ndipo ufa na kupinda kwake vinaonekana. Yule kijana wa barafu, picha ya pili ilipotoka nilikata hivyo, na ufa ulikuwepo kiunoni mwa mfupa, mwembamba kama unywele, unaingia ganda la upande mmoja na kutokea upande wa pili, vipande havijaachana. Nilimwonyesha kwenye skrini kabla hajaenda kwa daktari. Alikaa kimya kidogo akasema, "Si nilisema." Wiki mbili alikuwa anaambiwa ni msuli.

Maungio mawili kama nyonga zote mbili usiyatengeneze kwenye uwanja mmoja mpana, data ghafi ni zilezile, tengeneza kulia peke yake na kushoto peke yake kila moja na uwanja wake mdogo. Fanya siku hiyohiyo, data ghafi hazikai milele kwenye mashine, zinafutwa kupisha nyingine.

Hatua ya 7: akiwa na vyuma

Plati, skrubu, nyonga ya bandia. Michirizi myeusi na myeupe inayotoka kwenye chuma inafunika pale pale unapotaka kuona. Unazo silaha tatu. Kilovolti 140 na kichujio cha bati wakati wa kuskani. Baada ya kuskani, tengeneza picha za nishati moja ya juu, yaani kama vile fotoni zote zingekuwa na nishati moja, anza 100 keV (keV ni kipimo cha nishati ya fotoni) panda hadi 130 au zaidi huku ukiangalia michirizi inavyopungua, ukipanda sana mfupa nao unafifia, simama pale daktari anaporidhika. Ya tatu ni programu ya kufuta michirizi, na hii naomba muisikie vizuri: inaweza kuchora giza pembeni ya skrubu likafanana kabisa na mfupa uliolika, mtu akapelekwa upasuaji kwa skrubu ambayo haijalegea. Kila ukituma picha iliyopitishwa kwenye hiyo programu, tuma na ambayo haijapitishwa, zikae pamoja.

Titaniamu ni rahisi. Chuma cha pua na kobalti vinasumbua zaidi, na pale ambapo fotoni hazikupita kabisa hakuna keV itakayoleta habari ambayo haikufika.

Hatua ya 8: gauti na uboho

Kwa kuwa kila fotoni imepangwa kwa ukubwa, programu inaweza kutenganisha fuwele za gauti na kalsiamu na kuzipaka rangi tofauti. Ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye goti limevimba na huwezi kumchoma sindano ya kuvuta maji. Ila angalia kucha na ngozi ngumu ya kisigino, hapo rangi ya gauti inajitokeza bila gauti kuwepo, usiogope na usiandike. Uboho nao, ukiondoa kalsiamu kwenye picha unaweza kuona sehemu iliyovimba ndani ya mfupa baada ya kuumia, hata kama ufa wenyewe hauonekani. MRI bado inaona uboho vizuri zaidi, hii ni ya mgonjwa asiyeweza kuingia MRI, mwenye betri ya moyo isiyoruhusiwa kwa mfano, au ambaye foleni ya MRI ni ya wiki sita.

Hatua ya 9: kutuma

Picha moja ya 1024 ni kama megabaiti 2. Kifundo kimoja chenye slesi elfu moja ni gigabaiti 2. Ongea na watu wa IT mapema, sio siku mfumo umejaa saa tatu asubuhi. Sisi tunatuma slesi nene kidogo za kusomea kwa kila mtu, na zile nyembamba kwa daktari bingwa wa picha na daktari wa upasuaji tu.

Kwa mwenye CT ya kawaida

Ndugu yangu wa Mbeya au Kisumu mwenye CT ya safu 16 au 64, karibu kila kitu cha hatua ya 3 ni chako kama kilivyo. Mlaze Supamani, sponji kwapani, kifundo katikati ya gantri, uwanja wa sentimita 10 hata kama matriksi ni 512, pikseli itakuwa 0.2 hivi. Tumia slesi nyembamba kabisa inayotoka kwenye mashine yako, kata skafoidi kwa urefu wake. Nimeona kwa macho yangu kifundo kilichopigwa vizuri kwenye CT ya zamani kikisomeka kuliko kilichopigwa ovyo kwenye hii mpya, na mgonjwa wa bodaboda aliyeangukia mkono anastahili huo uangalifu sawasawa na yule wa barafu.

Ya mwisho, andika ulichofanya

Mgonjwa wa mfupa anarudi. Daktari anataka kulinganisha kama umeunga, na huwezi kulinganisha picha mbili zilizopigwa kwa kerneli mbili na mikao miwili. Kwenye rekodi andika volti, modi, kerneli, ukubwa wa uwanja, na mkao kwa maneno ya kawaida, mtu wa zamu nyingine aelewe.

Yule nesi alirudi baada ya wiki za P.O.P. Alipoingia mlangoni nilikuwa nimeshafungua rekodi yake, nimekuta maandishi yangu: bega la kulia linauma, sponji nene kwapani, kichwa kushoto, mkanda juu ya vidole, nusu sekunde. Nikachukua sponji kwanza.